Bure

Sindano ni bure.
Hivyo ndivyo bango linavyosema pale getini,
na mimi niliyelibandika kwa gundi ya muhogo
sina ugomvi nalo.

Ila Jumatatu, kabla hatujafika,
mwalimu mkuu alisimama mstarini na orodha yake:
asiyelipa ya uji, nyumbani,
asiyelipa ya mtihani, nyumbani.
Wasichana kumi na mmoja wa darasa la nne
wakashuka kilima, viatu mkononi,
visije vikaisha bure.

Jumanne tukafika na sanduku la barafu.

Nilimdunga binti wa mwenye duka la mabati.
Mama yake alishapigiwa simu,
alikuja na gari, na chupa ya maji, na maswali:
hiyo saratani ya mlango wa kizazi huanzaje,
mkono utavimba siku ngapi.
Maswali mazuri. Nikayajibu yote.
Mtoto akalia kidogo, akapewa biskuti.
Sina kinyongo naye. Mkono ni mkono.

Daftari langu lina safu ya "Hayupo".
Halina safu ya kusema yuko wapi.
Bwana wa wilaya akalipitia kwa kidole,
akaandika chini kwa wino mwekundu:
wazazi hawana mwamko.

Mwamko!
Biira, mamake Kabugho, huamka saa kumi za usiku
awahi shimo lake la chumvi pale Katwe
kabla jua halijaanza kudai chake.

Jumatano nikapanda boda ya Masereka,
elfu sita kwenda tu, sanduku magotini.
Elfu sita ni chumvi kiasi gani?
Sikumuuliza Biira. Alinijibu hivyo hivyo:
"Sista, kliniki naijua iliko.
Siku nikienda, shimo halinisubiri."

Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai,
na ndani ya mkebe nailoni,
na ndani ya nailoni kadi,
kona imeliwa na moto, lakini tiki zote zipo:
kifua kikuu, polio, pepopunda, surua,
hakuna tarehe aliyoiruka.
"Hapo alikuwa mgongoni," akasema.
"Nikienda, ameenda.
Sasa ana miguu yake, ana mikono,
na mikono imeshapata kazi."

Kabugho akaja na beseni kichwani.
Miaka kumi. Kifundo cha mguu kimechubuka,
ile michubuko ya huku isiyofunga.
Nikamfuta bega kwa pamba, pamba ikakwaruza.
Nikafuta tena.
Mara ya tatu ndipo nikaiona ngozi.

"Inauma kuliko chumvi?"
"Hapana."
Akanitazama kama mtu anayehesabu chenji,
akatoa mkono.
Ilipokwisha akasema, "Kweli,"
akajitwika beseni.

Nilizunguka mpaka barafu ikawa maji.
Niliwapata wanne.
Mmoja amepelekwa Bwera kulea mtoto wa shangazi.
Mmoja, jirani alisema, "Huyo ameshakuwa mkubwa,"
akafunga mlango, nami nikaelewa.
Watano sijui.

Dozi ya pili ni baada ya miezi sita.
Nimehesabu kwa vidole: itaangukia mvua za Novemba,
mashimo yakijaa maji yasiyo na chumvi,
mama wakikaa mlangoni wakiitazama riziki inavyoyeyuka,
na mwalimu mkuu, muhula ukiisha,
akinoa kalamu yake.

Kwenye kadi ya Kabugho tarehe nimeiandika kwa penseli.

Leo nimepita shuleni. Mbuzi wamelamba gundi ya muhogo,
wakala na karatasi kutoka upande wa kulia.
Bango limebaki na maneno mawili tu:
Sindano ni